Gemu za mikakati za ulimwengu wa kichawi: utamu wake unatoka wapi hasa?

MzeeWaRamani (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni.

Kila mtu akiuliza gemu ipi ya mikakati ni kali, majibu yanaishia kwenye picha. Majoka yamechorwa vizuri, moto unawaka vizuri, kompyuta yako ina kadi gani. Mimi nataka tuongelee kitu kingine. Kwa nini Heroes of Might and Magic III, iliyotoka 1999, watu wanaicheza mpaka leo, wakati gemu kibao za baadaye zenye sura nzuri kuliko yake zimeshasahaulika? Na The Battle for Wesnoth, gemu ya bure aliyoianzisha David White mwaka 2003, yenye vipicha vidogo tu vya askari, inawezaje kumkesha mtu mzima?

Jibu langu ni moja na nitalitetea hapa: uchawi lazima uingie ndani ya sheria za mchezo. Toa picha ya joka, weka ya kifaru. Kama hakuna uamuzi wako hata mmoja unaobadilika, basi ile ni gemu ya vita ya kawaida iliyopakwa rangi.

Tuanze na Heroes III. Gemu ya mwanzo ina aina nane za miji (ya tisa, Conflux, ilikuja na nyongeza ya Armageddon's Blade mwaka huohuo). Mmojawapo ni Necropolis, mji wa wafu. Shujaa wake ana ujuzi wa kufufua: akishinda pigano, sehemu ya waliouawa wanainuka wakiwa viunzi vya mifupa na kujiunga naye. Ni asilimia 10 mwanzoni, kisha 20, kisha 30 ujuzi ukipanda. Sasa fikiria mnakutana na kundi la wakulima waliosimama njiani wakilinda mgodi. Mchezaji wa mji mwingine anajiuliza atapoteza wangapi. Wewe wa Necropolis unajiuliza utapata wangapi. Ramani ni ileile, wakulima ni walewale, lakini nyinyi wawili mnaiona dunia tofauti kabisa. Hapo ndipo ninaposema uchawi umeingia kwenye sheria.

Halafu wafu hawana moyo wa kupanda wala kushuka. Hawapati ile zamu ya ziada inayokuja askari wakiwa na morali, ila pia hawagandi kwa hofu. Ukiwachanganya na watu hai katika jeshi moja, morali ya walio hai inashuka. Ni jambo ambalo hata mtoto angelitarajia: nani atalala kwa amani kwenye kambi moja na maiti? Sheria imetoka kwenye hadithi yenyewe, ndiyo maana ukishaielewa mara moja huhitaji kuikariri.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni majoka meusi ya mji wa Dungeon. Hayashikwi na uchawi wowote, uwe wa adui au wako mwenyewe. Huwezi kuyabariki, huwezi kuyaongezea mwendo. Kwa mtu anayeanza inaonekana ni kasoro. Lakini kuna uchawi unaitwa Armageddon, unaochoma kila kiumbe uwanjani bila kuchagua rafiki wala adui. Chukua shujaa mwenye nguvu kubwa ya uchawi, mpe majoka meusi peke yake, kisha washa moto. Wote wanaungua isipokuwa wewe. Hakuna mahali gemu inakuambia ufanye hivyo. Sheria mbili zimekaa mbali kabisa, na wewe mwenyewe ndiye unayezikutanisha. Ile siku unapozikutanisha, hulali.

Wesnoth nayo imelichukua giza na mwanga. Siku moja ni zamu sita: alfajiri, asubuhi, mchana, magharibi, na vipindi viwili vya usiku. Watu wa nuru wanapiga kwa asilimia 25 zaidi mchana na kupungukiwa kiasi hichohicho usiku. Wa giza ni kinyume chake. Kwa hiyo jeshi lako linaweza kuwa na nguvu zaidi kwa hesabu, na bado ukalazimika kurudi nyuma kwa sababu jua linazama. Unaviacha vijiji ulivyovipigania, unapanga mstari nyuma ya mto, unasubiri kupambazuke. Katika gemu ngapi umewahi kuliogopa jua likizama?

Karibuni tujadili. Anayepinga apinge kwa mifano.

fundi_wa_usiku

Mkuu umeandika vizuri, lakini umeanza na ghorofa ya pili. Msingi ni uhaba. Heroes III ingekuwa na uchawi wote huo halafu ukaweza kujenga kila kitu siku moja, ungeichoka jioni ileile.

Angalia walivyobana. Mji mmoja, jengo moja kwa siku. Rasilimali ni saba: dhahabu, mbao, mawe, zebaki, salfa, fuwele na vito, na kila mji una ile unayoililia. Askari wapya wanapatikana siku ya kwanza ya wiki tu. Kwa hiyo siku ya saba ni siku ya kukuna kichwa. Nyumba ya viumbe ukiijenga leo, unapata waliomo humo na kesho unapata wa wiki mpya. Ukichelewa mpaka kesho, wale wa wiki umewakosa. Ngome ya Citadel inaongeza uzazi wa askari kwa nusu, ngome ya Castle inaufanya mara mbili. Upande wa pili kuna jengo la Capitol linalokuingizia dhahabu 4,000 kila siku, nalo linataka siku zilezile na fedha zilezile.

Fedha kwanza au jeshi kwanza? Hakuna jibu la kudumu. Inategemea adui yuko umbali gani, na hilo hulijui kwa sababu ramani imefunikwa na giza. Ndiyo maana wachezaji wanasema "siku moja tu tena" halafu adhana ya alfajiri inawakuta. Kesho kuna jengo, keshokutwa kuna shujaa anafika kwenye mgodi, siku ya tatu wiki inaanza. Daima kuna kitu kimoja kinakaribia kuiva.

Uchawi wako mtoa mada unakaa juu ya hilo. Bila njaa hakuna utamu wa chakula.

MzeeWaRamani

Nakubali uhaba ni wa lazima mkuu, ila uhaba upo hata kwenye gemu za kuendesha kiwanda. Mimi nauliza kinachoifanya hii ya kichawi iwe tamu kwa namna yake.

Tena huo uhaba wa siku unaousema umefungwa na hadithi. Shujaa anatembea kwa mwendo wa kiumbe wake mzito kuliko wote. Ukibeba maiti wanaojikokota, shujaa naye anajikokota nao. Basi wa Necropolis anakaa anajiuliza: niwaache nyumbani nifike mgodini leo, au niende nao nichelewe? Ardhi nayo inashiriki. Kiumbe akipigana kwenye udongo wa kwao anaongezewa shambulio, ulinzi na kasi, pointi moja kila kimoja. Watu wa mji wa Fortress kwao ni kinamasi, wa Tower ni theluji, wa Inferno ni ardhi ya volkano. Ukiwafuata wa kinamasi kinamasini unawafuata nyumbani kwao, na unalisikia hilo kwenye mapigo.

Mla Kete

Mimi napinga, hasa kwa Wesnoth. Ile gemu imejaa bahati, na bahati inaua mkakati.

Nimekulia kwenye bao. Safu nne, mashimo thelathini na mawili, kete sitini na nne, na zote ziko wazi mbele ya macho ya wote wawili. Ukifungwa, umefungwa na akili ya mwenzako. Hakuna anayenyanyuka barazani akasema kete zilimwonea. Sasa kwenye Wesnoth nampanga askari vizuri, nangoja mchana ufike, nazunguka adui pande tatu, napiga mapigo manne na yote yanakosa. Yeye yuko kichakani anapiga mawili, yote yanaingia. Nimekosea wapi? Hakuna popote. Gemu ya mikakati inayomwadhibu aliyepanga vizuri ina tatizo, hata iwe na majini na malaika.

Msafiri wa Usiku

Nimeweka kambi hapa. Mla Kete kanena kilichonifanya niifute.

binti_pwani

Kaka Mla Kete, bao ni bao na heshima yake iko palepale, nami sitalishusha. Ila vita vya Wesnoth havikutaka kuwa bao. Vinakuuliza swali jingine: unapangaje wakati huna uhakika?

Na bahati yenyewe si kiza kitupu. Kabla hujapiga, gemu inakuonyesha uwezekano wote. Elfi (kiumbe wa hadithi wa msituni) akiwa msituni ni mgumu mno kumgonga, akiwa uwanda wa wazi ni rahisi. Lakini uchawi katika Wesnoth unagonga kwa asilimia 70 daima, adui awe msituni, mlimani au ndani ya ngome. Hapa namuunga mkono mtoa mada: mchawi hakupewa tu moto mkubwa, kapewa uwezo wa kuipuuza ardhi. Mchawi wa daraja la kwanza ana mapigo matatu. Uwezekano wa yote kukosa ni 27 katika 1,000, na wa kugonga angalau mawili ni kama 78 katika 100. Kwa hiyo elfi aliyejificha kichakani humpigi kwa panga nne ukalia. Unamletea mchawi.

Ila mchawi huyo ni mwepesi kufa, na akipiga atabaki mbele zamu nzima ya adui. Sasa unahitaji mtu wa kumkinga kushoto na kulia. Huo ndio mkakati. Anayepanga kwa kutegemea kila pigo liingie hajapanga bado. Aliyepanga vizuri amejiuliza: na likikosa, nani wangu atakufa?

Nikwambieni kinachonifunga mimi kwenye gemu hii, wala hamjakigusa. Kuna mwanafunzi wa uchawi mweusi, Dark Adept. Anapiga vikali kwa mbali, lakini adui akimsogelea na upanga hana cha kujibu, anasimama anapigwa. Askari dhaifu kuliko huyo nadra umpate. Unamlea. Unamficha nyuma ya mifupa, unawadhoofisha maadui kwa wengine ili pigo la mwisho alimalize yeye, kwa sababu aliyeua ndiye anayevuna uzoefu mwingi. Anapanda anakuwa Dark Sorcerer. Akipanda tena unachagua mwenyewe: awe Lich, aliyejitoa uhai akabaki na uchawi, au Necromancer, ambaye pigo lake la fimbo linamgeuza aliyeuawa kuwa maiti inayotembea upande wako.

Askari wengi wana majina yao. Katika kampeni (mfululizo wa ramani zenye hadithi moja), ukishinda ramani moja, walio hai unaweza kuwaita kwenye ramani inayofuata. Aliyekufa hayupo tena. Nikifika ramani ya tano nikaona orodha ya wangu wa zamani, kila jina nalikumbuka lilipotoka: huyu alishika daraja peke yake usiku mzima, huyu alimuua kamanda kwa pigo la mwisho. Hakuna mwandishi aliyeniandikia hayo. Yametokea kwa sababu sheria inakataa kuwarudisha waliokufa, na kwa sababu ya hiyohiyo bahati mnayoilaani. Mkiondoa bahati mnaondoa na yule aliyetakiwa kufa akapona.

Mla Kete

Dada, hoja ya mchawi kuipuuza ardhi nimeipokea. Ya majina pia nimeielewa. Bado nasema mapigo manne kukosa yote yanauma, lakini nitairudia nikiwa nalenga kuzuia hasara badala ya kutafuta ushindi wa haraka.

kamanda_mstaafu

Wakuu, mnasifia mwanzo na katikati. Nani atazungumzia mwisho? Gemu nyingi za namna hii zinakufa mkiani. Umeshampiga adui wa kweli, umebaki na miji mitano yeye mmoja, unajua umeshinda, yeye anajua ameshindwa, halafu unatakiwa kuzunguka ramani kubwa saa mbili unamkimbiza shujaa mmoja mwenye askari kumi. Hapo hata majoka hayasaidii.

Kwangu gemu nzuri ni ile inayojua kufunga pazia. Wesnoth inaweka kikomo cha zamu. Usipomaliza kazi ndani ya muda umeshindwa, kwa hiyo huwezi kukaa nyuma ya mto kila usiku kama mtoa mada anavyotaka. Kuna usiku utalazimika kusonga mbele gizani ukiwa dhaifu, na mara nyingi hayo ndiyo mapigano ya kukumbukwa.

Heroes III ina dawa nyingine. Mtengeneza ramani anaweza kuweka njia tofauti za kushinda: kuteka mji fulani, kupata kifaa fulani, kukusanya kiasi fulani cha rasilimali. Na kuna Grail, hazina iliyofukiwa ardhini. Unatembelea minara ya mawe iliyotawanyika, kila mmoja unakufunulia kipande cha ramani ya fumbo, mpaka unajua pa kuchimba. Ukiipeleka mjini unajenga jengo lisilo na mfano: dhahabu 5,000 za ziada kila siku na uzazi wa viumbe unaongezeka kwa nusu. Aliyekuwa nyuma anaweza kuipata kabla ya mwenye nguvu. Basi hata anayeongoza hawezi kulala, itabidi atume mashujaa wadogo wakatafute minara, na huko ndiko wanakonaswa.

Sisi tulikuwa tunaicheza ndugu kwenye kompyuta moja, kwa kupokezana kiti. Mmoja akicheza zamu yake wengine wanatoka sebuleni ili wasione ramani. Anayekaribia kushindwa alikuwa anaendelea kucheza kwa sababu ya Grail tu. Bila hiyo angeaga mapema na mchezo ungekufa.

jembe_la_zamu

Mbona mnaongelea za zamu peke yake? Warcraft III ya 2002 ni ya papo kwa papo na inamkubali mtoa mada kuliko mnavyodhani. Majeraha ya jeshi la Night Elf (elfi wa usiku) yanapona usiku tu. Ya Undead (wafu) yanapona wakiwa juu ya ardhi iliyooza waliyoieneza wenyewe, na majengo yao karibu yote hayajengeki pengine. Wanyama wa porini usiku wanalala, unaweza kuwapita pembeni. Kwa hiyo ukicheza Night Elf, muda wa kushambulia na muda wa kujificha umepangwa na mwezi. Hadithi imekuwa sheria.

Isipokuwa kule mkono nao unadai haki yake. Unaweza kujua la kufanya na vidole vikachelewa. Wengine tunaupenda huo mkimbizano.

MzeeWaRamani

Mfano mzuri sana huo wa kupona, mkuu. Night Elf na Undead wote wana askari, majengo na dhahabu, lakini mmoja anasubiri saa na mwingine anasubiri ardhi. Ndicho ninachokitafuta.

Kamanda, hoja ya mwisho wa mchezo naikubali yote. Naongezea sababu iliyoifanya Heroes III isizeeke: wachezaji wenyewe wameishika. New World Computing walioitengeneza walianguka pamoja na mmiliki wao 3DO mwaka 2003, jina likanunuliwa na Ubisoft. Ubisoft walipotoa toleo la picha kali mwaka 2015, halikuwa na nyongeza mbili za gemu ya zamani, kwa sababu msimbo wake ulikuwa umepotea. Wakati huohuo mashabiki walishatengeneza Horn of the Abyss, iliyoongeza mji mzima wa maharamia unaoitwa Cove, na baadaye mwingine wa Factory. Wamerekebisha mizani ya vitu vingi ambavyo wachezaji walikuwa wanavilalamikia kwa miaka. Cove imekaa humo kama ilikuwepo tangu mwanzo, kwa kuwa nayo ina sheria zake zinazotokana na bahari na uporaji. Mji wenye sura mpya na tabia ya zamani usingepokelewa hivyo.

Msafiri wa Usiku

Sasa nisaidieni. Laptopu yangu ni ya zamani, RAM ni ndogo, intaneti nanunua kwa bando na umeme wetu haueleweki. Nianze na ipi?

binti_pwani

Wesnoth. Ni ya bure kihalali, unaishusha mara moja na baada ya hapo kampeni zake zinachezeka bila intaneti. Ni ya zamu, kwa hiyo umeme ukitishia unahifadhi na kuzima. Anza na mafunzo yaliyomo ndani, kisha A Tale of Two Brothers. Ni fupi, ramani nne tu, na humo utakutana na wafu mapema. Utaona mwenyewe jinsi panga na mikuki inavyoambulia patupu kwa viunzi vya mifupa na jinsi nyundo inavyovivunja.

fundi_wa_usiku

Ukitaka Heroes III, chukua toleo lenye nyongeza zote, siyo lile la 2015. Kuna programu huria inaitwa VCMI inayoiendesha hata kwenye simu ya Android, ila lazima uwe na mafaili ya gemu yenyewe. Ramani ndogo kwanza, mji wa Castle, adui mmoja. Wiki ya kwanza tafuta mgodi wa mbao na wa mawe kabla ya kitu kingine, kwa sababu bila hivyo viwili mji hauendi popote. Na usimruhusu shujaa mkuu abebe kila mzigo. Ajiri wa pili siku hiyohiyo ya kwanza akuokotee rasilimali nyuma yako.

MzeeWaRamani

Hapo kwa shujaa wa pili ongeza hili: mkabidhi mkuu askari wote wa huyo wa pili, mbakizie mmoja tu tena mwenye kasi. Atatembea mbali zaidi.